Mlakasa, Muguka na Sungura Tisa

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi na simu mfukoni, mimi sina ugomvi nanyi. Nina ugomvi na viatu vyenu vya wazi, na ile tabia ya kuweka chupa ya soda karibu na asidi, lakini hayo mtaambiwa na wakubwa wenu. Mimi nimestaafu. Nilikuwa fundi wa maabara miaka thelathini na minne katika chuo kimoja mjini Meru, nikapewa saa ya ukutani na kipande cha keki, nikarudi kwetu Kibugu, huko Embu, kuchuma majani chai. Chai haina maswali mengi. Ukiichuma vibaya inanyamaza tu, mpaka ufike kituo cha kupimia.

Majuzi mmoja wenu alinipigia simu akaniuliza ni kazi gani ya chuoni ninayojivunia kuliko zote. Nikamwambia kwamba hiyo kazi sikuifanya mimi, na tena mimi ndiye niliyekaribia kuiharibu. Alicheka, akadhani mzee anatania. Basi nimeona niandike. Kazi yenyewe ilikuwa ya binti mmoja aitwaye Zuhura, juu ya mmea wa pwani unaoitwa mlakasa. Alikuwa ameifanya miaka miwili, na chuo kilikuwa kimemwekea nafasi ya kufundisha kwa sharti amalize kabla ya muhula mpya. Hayo yote niliyaweka hatarini kwa konzi moja ya majani.

Lakini kosa langu hamtalielewa kama hamjui tulivyokuwa tukifanya kazi. Kazi yangu ilikuwa utumbo. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya hospitali, maana alichoka kueleza. Ukitaka kujua kama dawa inalegeza misuli, unachukua kipande cha utumbo mwembamba wa sungura, kama urefu wa kidole gumba, punde tu baada ya mnyama kuuawa kwa njia ya haraka isiyomtesa. Unakifunga uzi huku na huku, unakitundika ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi na sukari kidogo, yenye joto la mwili, na chini unapitisha hewa itoe mapovu. Uzi wa chini umeshikwa. Uzi wa juu unakwenda kwenye mkono mwepesi wa kuandikia. Unangoja. Baada ya muda, kile kipande kinaanza kucheza chenyewe. Kinajikunja, kinakunjuka, kinajikunja tena, na mwenyewe keshakufa. Siku ya kwanza kukiona nilifanya ishara ya msalaba.

Ule mkono unaandika vilima, kimoja baada ya kingine. Ukitia dawa ya kulegeza, vilima vinapungua, vinakuwa vichuguu, kisha mstari ulionyooka. Hapo wengi hufurahi mapema. Msifurahi. Kulegeza si kuua. Hata sumu ya panya itakupa mstari ulionyooka. Mwaga yale maji, tia mapya, osha mara tatu, ungoje. Vilima vikirudi, hiyo ni dawa. Visiporudi, umeua msuli na umepoteza asubuhi yako.

Haya nilifundishwa na Mzee Mutwiri, mtu wa Kangeta, fundi aliyenitangulia. Alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima, lakini akifunga uzi kwenye utumbo ungedhani ni fundi wa saa. Hakuupitisha uzi kuzunguka utumbo na kuukaba, kama nilivyofanya mimi wiki nzima. Aliupitisha kwenye ukingo mmoja tu kwa sindano, tundu likabaki wazi, maji yakapita ndani na nje. Alinitania sana kuhusu kwetu. Alisema watu wa Embu tumezoea kufunga magunia.

Mwezi wangu wa kwanza alinituma kuchanganya yale maji ya chumvi. Nikapima kila kitu kama kilivyoandikwa, nikatia vyote pamoja kwenye chupa, nikatikisa kwa nguvu za ujana. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikadhani yatatulia. Nikayaweka kwenye bomba, na utumbo ukalala kabisa, haukucheza hata kidogo. Mutwiri hakufoka. Alinifanya niyachanganye upya mara nne siku hiyohiyo, akisimama nyuma yangu, na kila mara mkono wangu ulipoelekea chupa ya kalsiamu alikohoa. Kalsiamu hutiwa mwisho kabisa, maji yakishakuwa mengi, pole pole huku ukikoroga. Ukiiharakisha inakutana na magadi na kugeuka chaki. Leo mnaletewa maji tayari kwenye chupa yenye kizibo cha buluu, na hata hivyo nimeona watu wakiyaharibu.

Zamani hizo hatukuwa na kompyuta. Tulizungushia karatasi nyororo kwenye pipa dogo linalozunguka, tukaifukiza kwa moshi wa taa ya mafuta mpaka ikawa nyeusi, na ule mkono ukaandika mstari mweupe kwenye masizi. Kazi ya kutwa nzima ilikaa juu ya masizi hayo. Ukipiga chafya, imekwisha. Mimi niliwahi kufuta majaribio ya siku mbili kwa mkono wa sweta, nikijinyoosha kuchukua kikombe changu. Mutwiri aliangalia karatasi, akaangalia sweta, akasema sasa sweta ndiyo ina matokeo, niipake vanishi kama tulivyozipaka karatasi ili masizi yasifutike. Tulikwenda nyumbani tukinuka moshi, watu wakidhani tunauza nyama choma.

Mutwiri alistaafu, masizi yakaenda naye, kompyuta zikaja. Akaja pia Daktari Karimi, mwenyeji wa Igembe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Nimefanya kazi na wasomi wengi, na karibu wote walijua kila kitu. Huyu ukimwuliza jambo, mara nyingi alisema, "Sijui, wacha tuangalie." Mwanzoni nilidhani hajasoma vizuri. Ilinichukua kama miaka mitatu kumheshimu inavyostahili, na tangu hapo sijaacha.

Ndiye aliyemleta Zuhura. Zuhura alizaliwa Maua, katika familia ya Waislamu wenye malori yanayosafirisha mizigo hadi Mombasa, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua mdomo. Bibi yake mzaa mama anaishi upande wa Malindi. Huyo bibi huchemsha majani ya mlakasa kwa wanawake wanaosokotwa na tumbo, na Zuhura akiwa mtoto alimwona mwanamke ameingia amejikunja, akanywa, akakaa, na baada ya muda akaomba chakula. Alitaka kujua ni nini kilichokuwa ndani ya kile kikombe.

Mlakasa hutambaa mchangani karibu na maji ya bahari. Jani lake limegawanyika mbele kama kwato la mbuzi na ua lake ni la zambarau. Zuhura alipofungua gunia la kwanza, lililokuja na lori la baba yake, nilimwambia hayo ni majani ya viazi vitamu, kwetu tunalisha ng'ombe. Alicheka, akasema sikukosea sana, ni ndugu wa ukoo mmoja. Akaniambia pia kwamba kwingineko duniani wasomi walishautazama mmea huu na kukuta ndani yake vitu vinavyolegeza misuli, kimoja kikitokana na ule ukijani wenyewe wa jani, kingine chenye harufu nzuri kama ya waridi. Yeye alitaka kujua wa pwani yetu una nguvu gani, na nguvu hizo zinakaa katika fungu lipi la utomvu wake.

Tulikausha majani kivulini, kamwe si juani. Tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti siku tatu, tukachuja, tukaiondoa spiriti pole pole. Likabaki rojo la kijani kibichi lililonata kama rangi ya viatu. Hilo Zuhura alilipitisha kwenye mrija mrefu wa kioo uliojaa unga mweupe, na kila kimiminika alichomwaga juu kiliteremka na sehemu yake ya rojo, nyingine ya manjano, nyingine ya kijani, nyingine isiyo na rangi. Akapata mafungu saba. Kila fungu likajaribiwa kwenye utumbo. La kwanza, bure. La pili, bure. Fungu la nne lilipoingia, vilima vilishuka mbele ya macho yetu, na alipoosha vikarudi vyote. Zuhura aliweka mkono mdomoni. Nami nilifurahi kana kwamba ni binti yangu.

Sasa nifike kwenye dhambi.

Kanuni ya maabara ilikuwa kwamba sungura atakayetumika kesho asipewe chakula tangu saa kumi ya leo, maji tu. Kazi ya kuondoa chakula ilikuwa yangu. Mimi sikuipenda. Sungura mwenye njaa hukaa pembeni ya tundu akakutazama, hana sauti ya kulalamika, na mimi nimekuzwa na mama aliyekuwa akisema mnyama wa kufungiwa ni mgeni wako. Kamati ya chuo inayosimamia matumizi ya wanyama ilikuwa imemruhusu Zuhura sungura kumi na wawili, hata mmoja zaidi hapana, na kila mmoja nilimjua kwa masikio yake.

Nami nilikuwa natafuna muguka, yale majani mabichi ya kuchangamsha, ndugu wa miraa au mirungi. Sikutafuna ndani ya maabara, hilo liandikeni. Nilitafuna saa kumi nikishavua koti. Kila Ijumaa nilikwenda Kibugu kwa familia, na kila Jumatatu alfajiri nikipita Embu nilinunua muguka kwa mama mmoja karibu na mahali paitwapo Majimbo, mbichi, uliotoka Mbeere. Ulinifikisha Jumanne, na Jumatano ulikuwa umekauka nikautupa.

Anayetoka kwetu anajua jambo moja kuhusu muguka: unaondoa njaa. Mtu atatafuna mchana kutwa na kusahau ugali. Na jambo la pili ni kwamba hauhesabiwi kuwa chakula. Mwulize mtu mwenye shavu limevimba kama ameshakula, atakuambia tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na hasemi uongo. Basi Jumatatu moja, nikiwa nimesimama mbele ya tundu na konzi ya majani mkononi, sungura akinitazama, sikuona kama navunja kanuni. Chakula sikumpa. Nilimsaidia kupitisha wakati. Aliyala yote, hata kikonyo hakubakiza. Nikafanya hivyo tena Jumanne, na wiki zilizofuata. Zuhura aliwahi kusema, akiwa amefunga Ramadhani, kwamba sungura wake wanavumilia saumu kuliko yeye, wanarukaruka. Nikaona nimefanya jambo jema.

Sungura waliotumika wakafikia tisa. Hapo Zuhura akaweka mistari yote pamoja, na ikawa haipatani. Sungura waliotumika Jumanne na Jumatano walilegea kwa tone dogo tu. Wa Ijumaa walitaka dawa mara tatu yake. Aliangalia joto la maji, akaangalia mizani, akabadilisha nyuzi. Mwishowe akapata maelezo, na yalikuwa mazuri. Alisema dawa hutayarishwa Jumatatu, inakaa kwenye friji wiki nzima, kwa hiyo ikifika Ijumaa imeshapoteza nguvu. Yaani kile kilichomo ndani ya mlakasa huharibika kwa siku nne. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na maana, na sura nzima ya tasnifu ingejengwa juu yake. Alimweleza Daktari Karimi mezani, mimi nikiosha vioo kwenye sinki.

Bilauri iliniponyoka mkononi. Jumanne, Jumatano, Ijumaa. Nilihesabu siku zangu za muguka kichwani na zikaingia pale pale, kama ufunguo kwenye kufuli: waliolegea kwa tone ndio waliokula muguka. Zuhura aliuliza kama nimejikata. Nikasema hapana.

Nilinyamaza siku tatu, kimya kama maji ya mtungi. Sitawadanganya kwamba nilikuwa natafakari. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nilijiona nikiitwa ofisini kama mtoto aliyeiba sukari. Nikajiambia labda muguka haukufanya chochote. Nikajiambia tasnifu zinaandikwa kila mwaka na hakuna anayezisoma. Siku ya tatu Zuhura aliniita kwenye kompyuta yake, akanionyesha sentensi aliyoiandika kwa ajili ya watu wa pwani kama bibi yake, kwamba mlakasa uliochemshwa usiwekwe zaidi ya siku chache kwa kuwa nguvu zake hupotea. Alikuwa anaifurahia sentensi hiyo. Nikamwona yule bibi wa Malindi akimwaga dawa nzuri kwa sababu yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamwambia Zuhura aje nami kwa Daktari.

"Daktari," nikasema, "ile dawa haiharibiki. Wale sungura wa Jumanne na Jumatano nilikuwa nawapa muguka."

 Daktari Karimi akavuta daftari.

"Muguka? Si miraa?"

"Muguka, Daktari. Wa Mbeere."

"Kiasi gani?"

"Konzi moja. Siku zingine nusu."

Akaandika. Nilitaka anifokee, maana mtu akikufokea unajua umefika wapi, lakini yeye aliendelea kuuliza na kuandika, saa ngapi, mbichi au mkavu, mbele ya maji au baada ya maji. Mwisho akauliza wale wa Ijumaa. Nikasema sikumbuki kuwapa. Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikafikiri. Kuna Alhamisi moja au mbili ambazo nilikuwa bado na majani mfukoni. Nikasema siwezi.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mzee," akasema, "uliwahurumia sungura. Mimi je?"

 Akachukua mkoba wake akaenda Maua kwao.

Nilipobaki na Daktari nilimwomba msamaha, nikamwambia nitaandika barua ya kujiuzulu. Akasema barua haitarudisha sungura. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: kwa nini nilidhani sungura anahitaji kusaidiwa? Nikamwambia ukweli, kwamba anaona njaa, na mimi sikuwahi kuelewa kwa nini tunamnyima.

"Wacha nikuambie, Mzee," akasema, "hiyo kitu mimi nilikuta ikifanywa hapa. Sijawahi uliza mtu kwa nini."

Akaenda kuangalia. Alirudi baada ya siku mbili akicheka mwenyewe. Kumbe tumbo la sungura haliishiwi chakula kwa usiku mmoja, na hata ukimwondolea chakula chote atakula kinyesi chake mwenyewe, ndivyo alivyoumbwa. Tulikuwa tumewanyima chakula miaka yote hiyo bila faida, kwa sababu aliyetutangulia alifanya hivyo, naye aliona kwa mwenziwe. Daktari alifuta kanuni siku hiyohiyo. Aliniambia huruma yangu haikukosea, kilichokosea ni kuifanya kwa siri. Laiti ningemwuliza tu. Nimeona wakubwa wengi katika kazi yangu, lakini mkubwa anayeletewa kosa lako, akalipekua, akakuta na lake ndani, na akalisema, huyo nimemwona mmoja.

Zuhura alirudi Jumatatu, macho yamevimba. Daktari akampa njia mbili. Angeweza kubaki na wale watatu wa Ijumaa, kwa kuwa huenda hawakuguswa, na akamaliza kwa wakati. Au aanze upya na watatu waliobaki katika ruhusa yake, na hapo muhula mpya ungemkuta bado hajamaliza. Hakumwambia achague lipi. Alisema kazi ni yake.

Mimi moyoni niliomba achukue njia ya kwanza. Ndivyo nilivyokuwa mwoga. Zuhura alifungua daftari lake la maabara, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya ukurasa wa sungura wa kwanza, ukasomeka bado lakini umekatwa. Akageuza ukurasa. Akafanya hivyo mara tisa, pamoja na wale wa Ijumaa. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, nimtayarishie maji ya chumvi, na kalsiamu mwisho.

Wiki zile nilifanya kazi kuliko ujana wangu. Sungura watatu si wengi, lakini utumbo wa mmoja unatoa vipande vingi ukijua kuukata. Zamani tulikuwa tukitumia viwili tunatupa vingine. Sasa tulitumia vinane, mabomba manne yakichemka mapovu kwa wakati mmoja, Zuhura akitia dawa, mimi nikiosha. Sungura mmoja tulimtumia Jumanne, mmoja Ijumaa ya wiki hiyohiyo, mmoja Jumanne iliyofuata, wote dawa ileile ya friji ileile. Na wote walikuwa wameshiba nyasi. Muguka niliuacha wiki hizo. Kichwa kiliniuma vibaya na mke wangu akasema nimekuwa mkali kama nyigu.

Jumanne, fungu la nne liliingia na vilima vikashuka. Havikushuka kwa tone, kama zamani. Vilitaka kipimo kikubwa, na vilishuka nusu tu. Zuhura alikunja uso. Aliosha, vikarudi. Ijumaa akatia kipimo hichohicho, kwa dawa iliyokwisha kukaa siku nne. Tulisimama wote watatu mbele ya kioo cha kompyuta, Daktari akiwa ameshika mikono nyuma. Mstari ukashuka nusu. Nusu ileile. Jumanne ya pili, baada ya siku nane, nusu tena, ungeweza kuweka mistari mitatu moja juu ya nyingine ukaona mmoja.

Mlakasa ulikuwa unalegeza kweli, kwa nguvu za wastani, na haukuwa unaharibika hata kidogo. Zuhura alifuta ile sentensi kuhusu siku chache. Alikaa kwenye kiti akacheka na kulia pamoja, na ndipo aliponiita baba kwa mara ya kwanza.

Nafasi ya kufundisha ilikwenda kwa mtu mwingine. Muhula ulianza, na Zuhura alikuwa bado anaandika. Niliona jina la yule mwingine likibandikwa mlangoni na sikuweza kula mchana ule. Nilimwambia Zuhura kwamba nimemkosesha nafasi ile. Hakunipoza kwa maneno matamu, alisema ndiyo, umenikosesha, na akanipa karatasi nimsomee hesabu za vipimo. Leo anafundisha chuo kingine, upande wa pwani, na nasikia wanafunzi wake wanamwogopa. Wamwogope.

Siku ya kutetea tasnifu nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nilijua ameandika habari ya sungura tisa, alinionyesha. Aliandika kwamba walilishwa majani ya muguka na mhudumu wa maabara, kwamba athari yake haijulikani, na kwa hiyo wameondolewa wote. Jina langu hakuliweka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mtahini mmoja, mzee wa miwani kutoka chuo cha mbali, alifungua ukurasa huo huo na kukaa nao muda mrefu. Akasema haoni ushahidi wowote kwamba muguka ulibadilisha kitu. Huenda ni friji, huenda ni bahati. Kwa nini basi akatupa sungura tisa?

"Kwa sababu sijui," Zuhura akasema.

"Na kama ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna. Mngesoma, mngenipitisha, na lingekuwa jibu la uongo." Akageuka, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Mimi mwenyewe nisingejua. Aliyekuja kuniambia ni Mzee Nyaga, yule pale nyuma."

Watu wote wakageuka. Nikasimama, maana sikujua mtu hufanya nini akitajwa hivyo, machozi yakinitoka hadharani. Yule mtahini akavua miwani, akanitazama, kisha naye akasimama.